Baridi Bwawani Arusha na Moshi: Ilianza Lini, na Ufanye Nini

Mtoto akitoka bwawani anatetemeka, wazazi wengi humuuliza, "Unasikia baridi?" Meno yanayogongana yameshajibu. Mimi humuuliza, "Imeanza saa ngapi? Ulikuwa unafanya nini?" Akiniambia imeanza akiwa amekaa ukingoni anasubiri zamu, najua pa kurekebisha. Akisema imeanza katikati ya mazoezi, hilo ni jambo jingine. Kama alikuwa mzima kabisa mpaka alipofika nyumbani, naangalia nywele zake na kuulizia usafiri alioondoka nao.

Nafundisha kuogelea kwenye mabwawa ya wazi, siku nyingi Arusha na mara chache Moshi. Kila mwaka mwezi wa sita ukiingia wanafunzi wanaanza kupungua, na wengine hawarudi mpaka wa tisa. Inaniuma. Mtoto aliyeanza kuelea mwezi wa tano akikaa miezi mitatu bila kugusa maji, anarudi na woga uleule wa siku ya kwanza. Na ukifuatilia, kilichowafukuza wengi ni zile dakika kumi baada ya kutoka majini, ambazo hakuna aliyekuwa amejiandaa nazo.

Kwanza, angalia saa na upime maji

Mji wa Arusha uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, chini ya Mlima Meru. Moshi iko chini zaidi, kati ya mita 800 na 900 hivi, kwa hiyo ina unafuu, lakini kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane kote kuwili kuna wingu la asubuhi na manyunyu. Usiku wa mwezi wa saba Arusha hewa hushuka mpaka nyuzi 12 au 13, siku nyingine chini ya hapo. Bwawa lisilofunikwa linapoteza joto usiku kucha, na asubuhi jua lenyewe linachelewa kutoka nyuma ya wingu. Matokeo yake maji huwa ya baridi kuliko wakati wowote asubuhi, na huwa na joto zaidi kati ya saa tisa na saa kumi na moja jioni. Madarasa mengi ya Jumamosi yanaanza saa tatu asubuhi! Ukiweza kubadilisha kitu kimoja tu katika haya yote nitakayoeleza, badilisha saa.

Halafu tafuta kipimajoto cha maji, kile kinachofungwa kamba na kuelea. Mkono unadanganya: uliotoka mfukoni mwa jaketi utasema maji ni barafu, na uliokuwa umeshika chupa ya soda baridi utasema ni ya uvuguvugu. Mabwawa ya mashindano hutakiwa kuwa na nyuzi 25 hadi 28, lakini hayo ni ya waogeleaji wanaosukuma mwili kwa nguvu muda wote. Mtoto anayejifunza, ambaye husimama na kusikiliza zaidi kuliko anavyoogelea, anahitaji nyuzi 29 au 30 ili ajisikie vizuri. Mabwawa yetu mengi hayapashwi joto, na msimu huu hayafiki huko. Kwa hiyo nina utaratibu wangu. Nyuzi 26 na kuendelea nafanya darasa la kawaida. Kati ya 21 na 25 nalifupisha na hakuna kusimama. Chini ya 21 simwingizi anayeanza, hata mzazi akiwa ameshalipa na amefunga safari kutoka Usa River.

"Nikiingia tu, pumzi inakata"

Hii huja ndani ya dakika ya kwanza na kwa kawaida hutulia baada ya dakika mbili tatu. Ngozi ikiguswa ghafla na maji baridi, mwili unavuta pumzi kubwa bila kukuomba ruhusa, moyo unaenda mbio na presha inapanda. Hata muogeleaji hodari inampata, kwa hiyo usimcheke mtu wala usimwite mwoga. Hatari ni pale pumzi hiyo inapokukuta uso ukiwa chini ya maji. Ndiyo maana kuruka kichwa mbele, au kumsukuma mwenzako ili "azoee haraka", nimepiga marufuku.

Shuka kwa ngazi. Maji yakifika kiunoni simama, jimwagie mikononi, shingoni na usoni, kisha puliza pumzi ndefu kama unapoza uji. Usianze kuogelea mpaka uweze kusema sentensi nzima bila kukatishwa na pumzi. Mwenye presha au ugonjwa wa moyo amuulize daktari wake kabla, na asiingie peke yake.

"Mwanzoni alikuwa sawa, dakika ya kumi na tano akaanza kutetemeka"

Maji hupitisha joto takriban mara 25 zaidi ya hewa. Hewa ya nyuzi 24 unaikalia na fulana bila wasiwasi. Maji ya nyuzi 24 yanaendelea kukunyonya joto kila dakika unayokaa ndani. Mtoto ananyonywa zaidi, kwa sababu ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake, na mafuta chini ya ngozi ni kidogo. Usimpime mdogo wa miaka mitano kwa kaka yake wa kumi na mbili.

Sababu ya kwanza ya kuchunguza ni kusubiri. Niliwahi kupanga watoto wanane ukingoni, kila mmoja avuke bwawa kwa zamu. Yule wa nane alikaa dakika sita ameloa, upepo wa kutoka mlimani unampiga mgongoni, na zamu yake ilipofika alikuwa amekunja mikono kifuani na hataki hata kuinyoosha. Nilidhani ni mkaidi. Sasa anayesubiri anakaa majini mpaka mabegani, ameshika ukingo na anapiga miguu. Nusu ndani nusu nje ndiyo hali mbaya kuliko zote, kwa sababu anapoteza joto chini kwa maji na juu kwa upepo. Kabla ya kuingia tunakimbia na kuruka nchi kavu dakika tano hadi kumi, mwili uwe umeshawaka. Wa chini ya miaka sita wanamaliza kwa dakika ishirini, hata kama bado wanacheka. Kumtoa mtoto akiwa bado na hamu ni rahisi kuliko kumpasha joto aliyekwisha kuganda.

Sababu ya pili ni njaa. Bado kuna wazazi wanaoleta mtoto bila kifungua kinywa kwa kuogopa kwamba atazama akiwa ameshiba. Kutetemeka ni kazi ya misuli, na misuli inahitaji chakula. Bakuli la uji au ndizi mbili saa moja kabla zinatosha.

Sababu ya tatu ni nguo. Fulana ya pamba na kaptula ya kawaida vinabeba maji mengi na havizuii baridi hata kidogo. Nguo ya kubana ya kuogelea yenye mikono mirefu inakinga jua, lakini joto lake ni dogo sana. Kinachosaidia kweli ni suti ya mpira laini wa povu, kama ile ya wapiga mbizi. Ya milimita mbili inatosha hapa kwetu. Inabana tabaka jembamba la maji dhidi ya ngozi na mwili unalipasha joto, kwa hiyo lazima ikae sawasawa. Ikilegea, maji mapya yanaingia kila anapogeuka na hakuna unachopata. Nimeziona mara moja moja kwenye mitumba pale Memorial, Moshi, na Kilombero, Arusha, ila uwe na subira ya kupekua. Ujue pia kwamba suti hiyo inamwelesha mtu. Mtoto anayeelea vizuri akiwa nayo hajajua kuelea bado, mpaka umuone bila hiyo.

Dada zangu mnaoogelea na vazi la stara, chagueni lile lililoshonwa kwa kitambaa cha kuogelea. Dera la pamba likiloa ni zito majini, na nje linakuwa kama bomba la maji baridi mwili mzima.

Vidole, misuli, kichwa na haja ndogo

Haya ni madogo. "Mwalimu, vidole vimegoma" maana yake damu imeondoka mikononi kwenda kulinda moyo na viungo vya ndani. Toka, kausha, weka mikono kwapani. Misuli ya kigimbi, nyuma ya mguu chini ya goti, ikikaza, shika ukingo, nyoosha goti na vuta vidole vya mguu kuelekea kwako mpaka iachie. Kichwa kikiuma kwenye paji, au kizunguzungu kikija baada ya maji baridi kuingia sikio moja, vaa kofia ya silikoni inayofunika masikio. Na mtoto anayeomba kwenda chooni kila baada ya dakika kumi hakudanganyi. Damu ikikusanyika katikati ya mwili, figo zinatoa maji zaidi. Mpeleke kabla ya kuingia, na umpe maji ya kunywa baadaye, kwa sababu kiu kwenye baridi haijitangazi.

"Majini hana shida, akitoka ndipo anaganda"

Hapa ndipo darasa linaposhinda au kushindwa.

Kugeuza kikombe kimoja cha maji kuwa mvuke kunahitaji joto la kutosha kuchemsha vikombe saba hivi vya maji ya bomba. Mtoto anayesimama ameloa kwenye upepo anakauka kwa joto lake mwenyewe. Maji yanayobaki kwenye ngozi, kwenye kostyumu iliyogandamana na tumbo, na kwenye nywele, yote yanalipwa kutoka mwilini mwake. Kwa hiyo lengo ni moja: maji yatoke kwa taulo kabla upepo haujayafikia.

Jumamosi moja mama mmoja alikuja na taulo moja kubwa zuri. Binti yake wa miaka saba alipotoka akamzungushia lile taulo juu ya kostyumu, akamkumbatia, wakakaa kwenye benchi la zege. Baada ya dakika tano taulo lilikuwa limeloa, na mtoto anatetemeka kuliko alipotoka.

"Mama, mvue kostyumu kwanza."

"Mwalimu, hapa mbele za watu?"

Nikampa kanga yangu. Tulimzungushia mtoto, mama akashika ncha mbili juu kama pazia, na mle ndani kostyumu ikashuka. Kwa upande mkavu wa taulo tukamkandamiza mgongoni, kwapani na katikati ya vidole. Fulana kavu ikaingia kichwani kabla hata ya suruali, kisha sweta, kisha shuka la Kimasai juu ya yote. Ilichukua dakika tatu. Alipofika kwenye soksi alikuwa ameanza kuhadithia habari za shule.

Tangu hapo nawaambia wazazi kwamba kila kitambaa kina kazi yake. Kanga ni pazia. Taulo ni la kukausha, na yawe mawili, dogo la kichwa na kubwa la mwili. Shuka la Kimasai ni la kuzuia upepo na linabaki kavu, kwa hiyo haliguswi mpaka mwili umekauka. Nguo kavu zipangwe kwenye mfuko kwa mpangilio wa kuvaliwa, fulana juu kabisa, siyo soksi. Ndala zimsubiri pale pale penye ngazi, kwa kuwa sakafu ya marumaru na zege inavuta joto kupitia nyayo. Na mzula kichwani mara tu nywele zikishakamuliwa.

Kisha kitu cha moto. Chupa ya chai ya tangawizi yenye sukari, uji, au mtori, hata ukiwa wa jana uliopashwa. Moshi mtori haukosekani, na sijaona kinachorudisha rangi ya mtoto haraka kuliko bakuli lake. Chakula chenyewe hakiongezi joto jingi kwa mara moja, ila kinaupa mwili kuni za kuwasha. Kwa watu wazima wanaokuja na nyama choma: pombe, iwe bia, mbege au kali, inafungua mishipa ya ngozi. Utahisi joto usoni huku joto la ndani linatoka nje. Ikae mpaka umekauka, umevaa, na huna mpango wa kurudi majini.

"Tumefika nyumbani, bado ana baridi"

Kuna sababu mbili nazikuta tena na tena, na ya tatu inahitaji maelezo.

Ya kwanza ni rasta. Nywele zilizosukwa zinahifadhi maji kwa saa kadhaa, na yanateremka shingoni taratibu. Zifunge juu ndani ya kofia ya kuogelea kabla ya kuingia, na ukitoka zikamue msuko mmoja mmoja kwa taulo dogo, kisha funika. Ya pili ni bodaboda. Mtoto aliyetoka kukauka nusunusu, akipandishwa mbele ya dereva kutoka bwawani mpaka nyumbani, anapigwa na upepo robo saa nzima. Subirini ndani dakika ishirini, au pandeni bajaji iliyoshushwa mapazia.

Ya tatu: mtu akitoka kwenye baridi, joto la ndani huendelea kushuka kwa muda, mara nyingi dakika kumi hadi ishirini, hata akiwa ameshavaa. Ndiyo maana anaweza kuanza kutetemeka akiwa tayari ndani ya gari. Hakuna kilichoharibika, mpe muda, nguo na chai. Usimkimbize kwenye bafu la maji ya moto sana akiwa bado anatetemeka kwa nguvu, kwa sababu mishipa ikifunguka ghafla presha inashuka na anaweza kuzimia. Apate joto kwanza, aoge baadaye.

Mafua na nimonia husababishwa na vimelea. Mtoto mwenye afya aliyepata baridi, akakaushwa na kupashwa joto, hajapata ugonjwa kwa hilo peke yake.

Selimundu na pumu

Kwa hawa siwezi kusema "jaribu uone". Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu (siko seli), na maji baridi ni moja ya vitu vinavyoweza kuamsha maumivu makali ya mifupa na kifua. Mama mmoja hakuniambia, kwa sababu aliona aibu. Mtoto aliingia, alitoka baada ya dakika kumi akilia miguu, na jioni walikuwa hospitali. Sikulala vizuri wiki ile. Sasa namuuliza kila mzazi siku ya kujiandikisha, pembeni, kwa sauti ya chini. Mtoto mwenye selimundu anaweza kujifunza kuogelea, lakini kwa ruhusa ya daktari wake, kwenye maji ya vuguvugu, kwa muda mfupi, akinywa maji ya kutosha, na akikaushwa mara moja. Mwezi wa saba kwenye bwawa la wazi Arusha, hapana.

Mwenye pumu dawa yake ya kuvuta ikae ukingoni, siyo kwenye gari. Kifua kikianza kubana anatoka.

Dalili ambazo hazisubiri

Kutetemeka kunamaanisha mwili bado unapigana. Cha kuogopa ni mtoto aliyeacha kutetemeka bila kupashwa joto. Angalia kama anashindwa kufunga kifungo, ulimi mzito, anajikwaa, anasinzia, anajibu mambo yasiyoeleweka. Kwenye ngozi yetu nyeusi usitafute ubluu usoni. Angalia midomo kwa ndani, fizi, kucha na viganja. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, hiyo ni dharura.

Mlaze mahali pasipo upepo, juu ya mkeka au blanketi. Vua vilivyoloa, funika mwili na kichwa, na mtu mzima amkumbatie kifua kwa kifua ndani ya blanketi. Usisugue mikono wala miguu, usimlazimishe kutembea. Kinywaji cha moto kama tu yuko macho na anameza vizuri. Wakati huo huo mtu mwingine atafute gari. Moshi kuna hospitali ya KCMC, Arusha kuna Hospitali ya Mkoa ya Mount Meru. Nenda kwenye iliyo karibu.

Kwa mwenye bwawa

Sehemu kubwa ya joto la bwawa hupotea kwa mvuke, kwa sababu ileile ya kikombe kimoja na vikombe saba. Ukiona maji yanafuka moshi alfajiri, hiyo ni pesa na joto vinapaa. Turubai la plastiki lenye malengelenge, linaloelea juu ya maji, linazuia mengi ya hayo, na ni nafuu mno kuliko mashine ya kupasha joto. Lifunikwe jua likizama, na litolewe lote kabla mtu yeyote hajaingia. Mtoto akiteleza chini ya turubai lililofunguliwa nusu, hutamwona. Chemchemi za mapambo na maporomoko zimeni usiku, kwa kuwa kila tone linalorushwa hewani linarudi limepoa. Bwawa dogo la watoto lina kina kifupi, hivyo linapoa haraka kuliko kubwa. Lipimeni peke yake, msichukulie kwamba vipimo vinafanana. Na pandeni ua au wekeni ukuta wa makuti upande unaotoka upepo, hata mita moja na nusu tu, pale penye ngazi watoto wanapotokea.

Msimu huu nikitaka darasa refu na wanafunzi wakubwa wanaojimudu, nawapeleka Chemka, ile chemchemi ya Rundugai wilayani Hai. Wengi huiita Maji Moto, ingawa ni ya uvuguvugu tu. Maji yanatoka ardhini, kwa hiyo usiku wa baridi hauyapozi kama bwawa la juu. Kuna mkondo na kina, basi asiyejua kuogelea abaki na boya na mtu wa kumshika. Na upepo wa kutokea majini ni uleule, kwa hiyo mfuko wa nguo kavu, kanga, mataulo mawili na shuka vinakwenda nasi, fulana ikiwa juu kabisa.